Siku nne vijijini Echigo-Tsumari: sanamu zilizotawanywa makusudi ili utembee

Mwendapole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Niliahidi kwenye uzi wa mwenzetu kwamba nitashusha wangu kuhusu sanamu za nje vijijini. Leo nimepata utulivu. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auhifadhi asome baadaye.

Echigo-Tsumari ni eneo la milima katika mkoa wa Niigata, Japani. Linachukua Tokamachi pamoja na mji mdogo wa Tsunan. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 760, yaani linaizidi kidogo nchi nzima ya Singapore. Watu wa huko ni wakulima wa mpunga. Majaluba yao yamepandishwa kwenye miteremko ngazi kwa ngazi, na wakati wa baridi theluji hulundikana hadi mita tatu na kupita. Vijana wamehamia mijini kwa miongo mingi. Waliobaki wengi ni wazee.

Mwaka 2000 Fram Kitagawa, mwandaaji wa maonyesho ya sanaa ambaye ni mzaliwa wa mkoa huohuo, alianzisha huko maonyesho ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka mitatu. (Ya 2021 yalisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona.) Badala ya kujenga jumba moja na kukusanya kila kitu ndani, kazi zilisambazwa kwenye vijiji, na vijiji vya eneo lile ni kama 200. Kila maonyesho yanapokwisha kuna kazi zinazobaki, na sasa za kudumu zinakaribia 200. Nyingine ziko kando ya barabara, nyingine katikati ya mpunga, nyingine ndani ya nyumba ambazo wenyewe walihama.

Kitagawa amesema waziwazi miaka yote kwamba mpangilio huu hauna ufanisi, na kwamba aliutaka hivyo. Mimi nilisoma hilo kabla ya safari nikaliona ni maneno ya waandaaji tu. Nilifika na orodha ya kazi 31 na dakika nilizozipangia kila moja.

Siku ya kwanza niliona kazi 11. Nafika, napiga picha, naingia kwenye gari, naondoka. Usiku nilipofungua simu kuzipanga picha, kulikuwa na tatu ambazo sikukumbuka zilikuwa kijiji gani. Nilichokikumbuka vizuri ni bibi mmoja aliyekuwa anang'oa magugu kwenye tuta la jaluba lake. Alininyooshea mkono kunionyesha njia bila kuinua mgongo. Nilimpita kwa mwendo wa gari na nikamkumbuka kuliko sanamu zote. Nilikaa kitandani nikajiuliza nimekuja kufanya nini hasa.

Asubuhi nikaichana ile orodha. Nikabakiza kazi nane kwa siku tatu.

Ya kwanza ilikuwa Mashamba ya Mpunga, ya wasanii Ilya na Emilia Kabakov, iliyowekwa mwaka 2000. Iko Matsudai, jirani kabisa na kituo cha treni. Ng'ambo ya mto mdogo kuna mteremko wa majaluba, na ndani ya majaluba zimesimama sanamu bapa za watu, za buluu na za manjano. Kuna anayelima, anayepanda, walioinama wakipandikiza miche, anayevuna, na anayepeleka mavuno mjini. Huku unakosimama wewe, kwenye jukwaa la jengo la Nohbutai, maandishi yamening'inizwa hewani. Yanaeleza kazi hizohizo za mwaka wa mkulima. Ukisimama mahali pake, maneno yanatua juu ya mteremko na kila fungu linakaa na sanamu yake. Sogea nusu hatua, yanaachana. Rudi, yanashikana tena.

Sisomi Kijapani. Lakini nilisimama pale karibu saa nzima, kwa sababu katikati ya zile sanamu mpunga wa kweli ulikuwa unapepea, na kuna wakati mtu wa kweli alipita kwenye tuta la juu akiwa na jembe begani. Kwa muda fulani sikuweza kutenganisha yupi ni wa sanaa na yupi wa shamba.

Kinachoipa uzito kazi hii ni mwenye shamba. Alikuwa mzee, na umri ulikuwa umemfikisha mahali pa kufikiria kuacha kulima yale majaluba. Alipoombwa sanamu zisimame shambani kwake, mwanzoni alikataa. Ardhi aliirithi kwa wazee wake, na si kitu cha kugeuzwa mapambo ya wageni. Alikuja kukubali baada ya kuona kwamba msanii ameelewa kazi ya mpunga na anaiheshimu. Akaendelea kulima. Nguvu zilipomwishia, watu wa maonyesho walichukua jembe na shamba likaendelea kulimwa.

Ukiijua habari hiyo, unaitazama sanamu kwa macho mengine.

Ngoja nivute pumzi, sehemu ya pili inakuja.

---

Mwendapole

Naendelea.

Kwenye kilima cha nyuma ya Nohbutai kuna kazi ya Pascale Marthine Tayou, Mwafrika mwenzetu kutoka Kamerun, ya mwaka 2009. Inaitwa Mji Uliopinduliwa. Ni penseli za rangi, kubwa kama magogo, zimening'inizwa ncha zikiangalia chini, na kila moja imeandikwa jina la nchi. Unapita chini yake. Ncha ziko juu kidogo ya kichwa, na mwili wenyewe unajikunja kabla akili haijaamua. Niliinua shingo nikitafuta majina ninayoyajua hadi ikaniuma.

Jirani hapo lipo ua la msanii wa Kijapani Yayoi Kusama la mwaka 2003, la rangi kali na madoa yake yanayojulikana. Ni zuri. Watu wengi wanapiga picha hapo wanamalizia safari yao hapo. Sina la kuongeza.

Nilipofika kijiji cha Kuramata ndipo nilipotulia kwa mara ya pili. Kazi inaitwa Potemkin, ya Wafini wawili, Marco Casagrande na Sami Rintala, ya mwaka 2003. Ni kuta za chuma kinene zilizosimamishwa kando ya mto, zikitengeneza njia, nyua na madirisha yasiyo na vioo. Mahali penyewe palikuwa dampo, watu walitupa taka hapo kinyume cha sheria. Waliposimamisha chuma hawakujifanya kwamba uchafu haukuwahi kuwepo. Ukuta una kutu, unafanana na mabaki ya kiwanda. Unaingia kama unaingia gofuni, changarawe zinalia chini ya viatu, halafu ukuta unafunguka mbele yako: mto, miti mikubwa, majaluba ng'ambo.

Niliweka kiganja kwenye chuma. Jua lilikuwa limekipasha. Niliposogeza mkono, vidole vilitoka na vumbi la kahawia, laini kama unga wa mdalasini. Sehemu zilizo chini ya matawi zilikuwa nyeusi zaidi na zimelowa. Sehemu za wazi zilikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva. Ukuta mmoja, rangi tano au sita, na hakuna aliyezipaka.

Ya mwisho kuieleza leo ni Nyumba Inayojivua. Hii ni nyumba ya mbao ya zamani, zaidi ya karne moja, iliyokuwa imeachwa. Junichi Kurakake na wanafunzi wa uchongaji wa Chuo Kikuu cha Nihon waliingia na patasi, wakaichonga yote kwa ndani: sakafu, nguzo, boriti, dari. Ilichukua zaidi ya miaka miwili, ikafunguliwa 2006. Mbao za nyumba zile zilikuwa nyeusi kwa moshi wa meko ya katikati ya nyumba, moshi wa vizazi. Kila pigo la patasi limetoa kijigamba cheusi na kuacha kidonda cheupe cha mti. Unavua viatu, unatembea, na nyayo zinahisi mabonde madogo yale yote. Nguzo haina uso ulio sawa hata sehemu ya kiganja.

Hiyo siyo sanamu ya nje, najua. Lakini huwezi kuifikia bila kupita majaluba, na mimi nazihesabu njia zake kuwa sehemu yake.

---

Tausi wa Bara

Mkuu Mwendapole, uzi mzuri sana. Swali la vitendo. Mtu asiyeendesha gari anafikaje? Na je, lazima usubiri mwaka wa maonyesho?

---

Mwendapole

Tausi wa Bara, asante.

Kutoka Tokyo unapanda treni ya mwendokasi, Shinkansen ya laini ya Joetsu, hadi Echigo-Yuzawa. Ni kama saa moja na dakika ishirini. Hapo unabadilisha na kuchukua treni ya laini ya Hokuhoku inayopita Tokamachi kisha Matsudai. Ukishuka Matsudai unaweza kutumia siku nzima kwa miguu tu, kwa sababu Kabakov, Tayou, Kusama na nyingine nyingi ziko kilimani hapohapo.

Kuramata na vijiji vya mbali ndipo gari linapotakiwa. Mabasi ya kawaida yapo ila ni machache. Mwaka wa maonyesho huwa kuna mabasi ya watalii yenye njia maalumu. Wanaendesha kushoto, kwa waliozoea kushoto haitasumbua. Barabara za kijijini ni nyembamba, na mara nyingi gari moja linangoja jingine lipite.

Si lazima usubiri mwaka wa maonyesho. Zile za nje zipo muda wote, isipokuwa kipindi cha theluji. Theluji ikianza, baadhi hufungwa kwa mbao, nyingine hubomolewa vipande na kuhifadhiwa, nyingine hufunikwa zote na njia za kuzifikia zinapotea. Za ndani ya nyumba na shule zina ratiba zake, kagua kabla hujatoka.

Na tafadhali wakuu: usikanyage tuta la jaluba kwa ajili ya picha. Tuta likibomoka maji yanatoka, na la juu likitoka linabomoa la chini. Niliona kijana ameshuka hadi katikati kutafuta pembe nzuri. Mwenye shamba alikuja taratibu, hakugomba, akaanza kulishindilia tuta kwa mguu pale palipobonyea. Niliona aibu kana kwamba ni mimi.

---

Mchomeleaji

Niongezee kuhusu chuma cha Potemkin, maana ndiyo kazi yangu.

Watu wanaona kutu wanadhani kimetelekezwa. Kile ni chuma maalumu, kimechanganywa na kiasi kidogo cha shaba, kromiamu na nikeli. Kutu yake ya kwanza inashikamana na kuwa ganda gumu, na ganda hilo ndilo linalozuia kutu isiendelee kuchimba ndani. Chuma cha kawaida kutu yake inabanduka, hewa na maji vinaingia tena, kinaliwa hadi kinaisha.

Ila lina sharti. Ganda linahitaji kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Mahali ambapo maji yanatuama, au majani yameoza yakarundikana chini ya ukuta, halikamiliki, na chuma kinaendelea kuliwa kama chuma kingine chochote. Kwa hiyo anaposema sehemu za chini ya matawi ni nyeusi na zimelowa, mimi ningezitazama hizo kwanza. Fundi mzuri anainua kitako cha ukuta kutoka kwenye udongo au anaweka changarawe ili maji yapite. Naona kwenye maelezo yake changarawe zipo. Waliofanya kazi ile walijua.

Ile sanamu kubwa ya Antony Gormley kaskazini ya Uingereza, malaika mwenye mabawa, ya mwaka 1998, ni chuma cha aina hiyohiyo. Urefu mita 20, mabawa mita 54 kutoka ncha hadi ncha, inasimama kilimani inapigwa na upepo mwaka mzima. Haijapakwa rangi na haihitaji.

---

Mwendapole

Mchomeleaji, umenifumbua macho. Nilipita juu ya zile changarawe mara tatu nikidhani ni za kupendezesha.

---

Shamba Darasa

Mimi niseme la moyoni bila kuvunja heshima. Kijiji kinakimbiwa, shule zinafungwa, wazee wanabaki peke yao na theluji ya mita tatu juu ya paa. Halafu mtu anawaletea penseli zinazoning'inia. Natokea familia ya wakulima, na nikisoma habari ya yule mzee aliyekataa mwanzoni, mimi niko upande wake. Sanaa imewasaidia nini? Idadi ya watu imepanda?

---

Mwendapole

Shamba Darasa, swali lako ni la haki na nililibeba safari nzima.

Jibu la mwisho kwanza: hapana, idadi haijapanda. Imeendelea kushuka. Anayesema sanaa imefufua vijiji kwa maana ya kurudisha watu, anadanganya.

Na yule mzee hakuwa peke yake kukataa. Maonyesho ya kwanza yalipingwa sana, na wanavijiji na hata viongozi wa mitaa. Kilichofanyika ni mikutano, miaka ya mikutano. Kulikuwa na kikosi cha watu wa kujitolea, wengi wao vijana wa mjini, kinachoitwa Kohebi-tai, maana yake kikosi cha nyoka wadogo. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Walifukuzwa. Wakarudi.

Kisha tarehe 23 Oktoba 2004 likapiga tetemeko kubwa la Chuetsu katika mkoa huo. Nyumba nyingi ziliharibika, na zilizoachwa tupu zikaongezeka. Watu waliokuja kutengeneza mapaa na kuondoa vifusi, wamo waliokuwa wamekuja kwa ajili ya sanaa. Maonyesho yaliyofuata, ya 2006, yakaelekeza nguvu kwenye nyumba tupu. Nyumba Inayojivua ilifunguliwa kwenye maonyesho hayo. Ya 2009 yakatazama shule zilizofungwa.

Shule moja nitaisimulia. Shule ya msingi ya Sanada ilifungwa 2005 ikiwa na wanafunzi watatu. Watatu, mkuu. Seizo Tashima, mchoraji wa vitabu vya watoto, akaigeuza jengo zima kuwa kitabu ambacho unatembea ndani yake. Wale watoto watatu wa mwisho ndio wahusika. Amewaunda kwa mbao zilizookotwa baharini, akazipaka rangi. Wanaruka kutoka darasani hadi kwenye ukumbi, wamening'inia kila mahali. Ubao bado uko ukutani.

Nilikaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi pale. Mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akikata tiketi alinionyesha dirisha kwa kidole, akasema kwa Kiingereza cha kuunga kwamba dawati lake lilikuwa pale. Alisoma shule hiyo. Sasa anaifungua kila asubuhi, anafagia, anawasha taa.

Kwa hiyo ukiniuliza imewasaidia nini, sina takwimu ya kukupa. Nina yule mama mwenye ufunguo. Shule yake haikuvunjwa wala haikugeuzwa stoo. Wageni wanakuja wanamuuliza ilikuwaje, na yeye ndiye anayejua.

---

Shamba Darasa

Nimekuelewa. Hilo la watoto watatu limenigusa. Bado nasema wangeanza na barabara na hospitali, lakini nimekuelewa.

---

Nyota ya Kusi

Nami nichangie. Niko Australia kwa masomo, jimbo la Victoria. Huku kuna kitu kinachokaribiana nacho, ingawa si sanamu ni michoro. Eneo la Wimmera Mallee ni tambarare ya ngano, unaendesha gari saa nzima huoni kona. Kila kijiji kina vihenge vya nafaka vya zege kando ya reli, virefu kuliko kitu chochote kingine kinachoonekana. Vingi vilikuwa vimeacha kutumika.

Mwanzoni mwa 2016 msanii Guido van Helten alimaliza kuchora vihenge vya Brim, kijiji cha watu kama mia tu. Vihenge vyenyewe vilijengwa 1939, vina urefu wa mita 30 hivi. Amechora wakulima wanne wa vizazi tofauti, wamesimama bila kutabasamu, rangi zao ni zilezile za vumbi na makapi ya ngano. Ukiwa mbali unaona zege. Ukikaribia nyuso zinajitokeza. Watu walianza kuja kwa wingi, vijiji vingine vikataka, na sasa kuna njia ya kilomita 200 yenye vihenge vilivyochorwa: Patchewollock, Lascelles, Sheep Hills, Rupanyup, Rosebery. Ile ya Sheep Hills, ya Adnate, ina watoto na wazee wa wenyeji wa asili wa nchi hii, na nyuma yao anga la usiku. Nenda jioni. Jua likishuka, anga la kwenye kihenge na la kweli yanakaribiana rangi.

Na kuna moja magharibi kabisa sijafika, ila ipo kwenye mipango yangu: Ziwa Ballard, ziwa la chumvi lililokauka karibu na mji mdogo wa Menzies. Gormley huyohuyo wa Mchomeleaji aliweka sanamu 51 mwaka 2003. Aliwapima wakazi wa Menzies kwa mashine, mwili mmoja mmoja, akawapunguza wembamba hadi wakawa kama vijiti vyeusi, akawasimamisha wametawanyika juu ya chumvi. Unatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa miguu, na nyayo zako na za waliotangulia zinabaki zimechora njia baina yao. Ulipoandika habari ya kutawanya makusudi, hiyo ndiyo iliyonijia.

---

Mwendapole

Nyota ya Kusi, sikuwa najua habari ya nyayo. Nimeisoma mara tatu. Umeniongezea safari.

---

Mwambao

Swali la hofu yangu. Kitu kikikaa nje miaka 20, kinabaki? Pale kisiwani Naoshima, magharibi ya Japani hiyohiyo, lile boga la manjano la Kusama lenye madoa meusi lilikaa gatini tangu 1994. Agosti 2021 kimbunga kikalizoa majini likapasuka. Lingine lilirudishwa Oktoba 2022. Huko milimani theluji inaziacha?

---

Mwendapole

Mwambao, theluji ina uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ikilala juu ya kitu mita tatu, ikayeyuka nusu, ikaganda tena, inakandamiza na inavuta. Ndiyo maana nyingi zina miguu minene na mabega ya kumwaga theluji, hata kama hukuambiwa utaona. Jengo lenyewe la Nohbutai, la mwaka 2003, lililosanifiwa na kampuni ya wasanifu majengo ya MVRDV, limeinuliwa juu ya miguu yake. Kila vuli kuna kazi ya kufunga, kila majira ya kuchipua kazi ya kufungua, na wanaofanya ni wanavijiji pamoja na wale wa kujitolea. Sanamu zinatunzwa kama mazao.

Matetemeko nayo yapo. Nyumba ya Ndoto ya msanii Marina Abramović, ambako mgeni analala ndani ya sanduku la mbao akiwa amevaa vazi maalumu, kisha asubuhi anaandika ndoto yake kwenye kitabu, iliharibika kwa tetemeko la Machi 2011. Ikatengenezwa, mwaka uliofuata ikafunguliwa tena.

Hata njia ya Korongo la Kiyotsu, katika eneo hilohilo, ina historia ya namna hiyo. Zamani watu walipita kando ya mto. Mwaka 1988 mwamba uliporomoka ukaua mtu, njia ikafungwa. Wakachimba handaki la mita 750 ili watu walione korongo wakiwa salama, likafunguliwa 1996. Mwaka 2018 msanifu majengo Ma Yansong na wenzake wa kampuni ya MAD wakaligeuza kazi ya sanaa. Mwisho wa handaki wameweka maji ya kina kifupi sakafuni na kuta zinazong'aa, kwa hiyo korongo lote linaonekana mara mbili, juu na chini, na wewe umesimama katikati. Vua viatu, maji ni ya baridi hasa.

---

Tausi wa Bara

Mkuu, la mwisho. Ukirudi utabadilisha nini?

---

Mwendapole

Nitakwenda mapema zaidi, mwishoni mwa Mei au Juni, miche ikiwa imetoka kupandikizwa na majaluba yamejaa maji. Nilikwenda Agosti, mpunga ulikuwa umefunika kila kitu, kijani kitupu. Maji yakiwa wazi, wale watu wa buluu na manjano wa Kabakov wataonekana wamesimama juu ya anga.

Na nitalala kijijini siku zote badala ya kurudi mjini Tokamachi kila jioni. Nitapita tena ile barabara ya siku ya kwanza, nisimamishe gari, nimtafute yule bibi. Sanamu aliyokuwa ananielekeza ilikuwa mita mia mbili mbele yake. Nilifika, nikapiga picha moja, na nimetafuta kwenye simu hadi leo sijaitambua ni ipi.